Shajara ya mradi: herufi za Bodoni kwenye vibao na kijitabu cha mji wa kale, Tanga

Siku ya 1

Kazi iliyopokelewa: vibao 12 vya matembezi ya miguu katika mji wa kale, kutoka upande wa bandari na boma la zamani hadi Ngamiani, kijitabu cha kurasa 24 cha saizi A5, mifuko 150 ya kitambaa cha pamba, na picha za tangazo za kusambazwa kwa simu. Vyote vitumie herufi za ukoo mmoja. Sampuli iliyoletwa ni jalada la jarida la mitindo: nguzo nene, vijistari vyembamba kama unywele, herufi zimesimama wima kama askari wa gwaride. Hapo hakuna ubishi, ni Bodoni au ndugu yake Didot.

Tumekubali kwa sharti moja: hatuchagui faili la fonti kabla ya kujua kila kitu kitachapwa juu ya nini na kitasomwa kutoka umbali gani. Herufi hizi ni nzuri sana, na hazina huruma kwa anayezibandika popote bila hesabu.

Siku ya 2

Ili tusichanganyane, tumepatana majina ya sehemu za herufi. *Nguzo* ni mstari mnene wa wima. *Uzi* ni mstari mwembamba, kama ule unaounganisha nguzo mbili za H. *Serifu* ni kijistari cha miguuni na kichwani mwa nguzo. Katika Bodoni ni bapa, nyembamba kama uzi, na inakutana na nguzo kwa pembe kali, karibu bila kona ya kuishika. *Tone* ni kile kiduara kwenye ncha ya a, c, f, r na y.

Tabia hizi zina asili yake. Katikati ya karne ya 18 John Baskerville wa Birmingham, Uingereza, alichapa kwa wino mweusi zaidi kwenye karatasi iliyolainishwa kwa joto, na ikaonekana kwamba mstari mwembamba unaweza kusalimika kwenye mashine. Firmin Didot mjini Paris alichonga herufi zenye tofauti kali kati ya nene na nyembamba miaka ya 1780. Giambattista Bodoni, mzaliwa wa Saluzzo, Italia, aliyesimamia kiwanda cha uchapaji cha mtawala wa Parma kuanzia 1768, aliipeleka mbali zaidi. Kitabu chake kikubwa cha vielelezo vya herufi kilitolewa na mjane wake mwaka 1818, miaka mitano baada ya kifo chake.

Jambo moja katika historia hiyo lina faida kwetu hapa Tanga. Bodoni hakuwa na "fonti moja" ya kuvutwa na kupunguzwa. Kila ukubwa ulichongwa peke yake kwa chuma: herufi ndogo zilipewa nyuzi nene kiasi na nafasi pana, herufi kubwa zikapewa nyuzi nyembamba. Zilipokuja mashine za kupanga herufi kwa picha, kisha kompyuta, mchoro mmoja ukatumika kwa ukubwa wote. Sifa mbaya ya kwamba Bodoni "haisomeki" imetoka hapo kwa sehemu kubwa.

Siku ya 3

Tumechukua Bodoni Moda. Ni ya bure chini ya leseni ya SIL Open Font License, hivyo inaruhusiwa kuchapwa kwenye bidhaa za kuuzwa, ila faili lenyewe haliuzwi peke yake. La muhimu zaidi, ina mhimili wa ukubwa, yaani kipimo cha kubadilisha mchoro wa herufi kulingana na ukubwa wake, kutoka 6 hadi 96. Ukiweka 6, nyuzi zinanenepa na herufi zinaachana. Ukiweka 96, nyuzi zinakonda kabisa. Libre Bodoni na Playfair Display zilipendekezwa pia. Playfair ni nzuri kwa vichwa, lakini ile ya Display haina mhimili huo, na sisi tunahitaji herufi ileile ifanye kazi kwenye maelezo ya chini ya picha na kwenye kibao.

Sasa hesabu, maana kazi yote imelala hapo. Tuchukue mfano wa mchoro ambao uzi wake ni sehemu 20 kati ya 1000 za mwili wa herufi, yaani kimo kamili cha nafasi yake, kile kinachopimwa kwa pointi. Pointi moja ni 0.353 mm. Kwa pointi 10 mwili ni 3.53 mm, uzi ni 0.07 mm. Wana wa Tanga wataelewa haraka: unyuzi mmoja wa mkonge huwa na unene wa takribani 0.1 hadi 0.3 mm. Kwa hiyo mstari tunaotaka mashine ichape ni mwembamba kuliko unyuzi wa mkonge.

Printa ya leza ya nukta 600 kwa inchi ina nukta yenye upana wa 0.042 mm. Uzi wa 0.07 mm ni nukta moja na theluthi mbili. Mashine haichapi theluthi mbili. Herufi moja itapata nukta moja, ya pili yake nukta mbili, na ukurasa utakuwa na madoadoa: n hii nyeusi, n ile imefifia. Watu huona hivyo wakasema wino umekwisha. Wino haujaisha.

Siku ya 5

Jaribio la maneno ya Kiswahili. Sampuli za fonti huja na Kilatini au Kiingereza, na lugha hizo hazifichui tatizo letu. Kiswahili kimejaa m, n, u na i, na katika Bodoni herufi hizo zote ni nguzo tupu zilizofungwa kwa uzi. Andika *mnunuzi*, *muumini*, *Ngamiani*, *kunani*: unaona uzio wa miti. Jicho linahesabu nguzo badala ya kusoma neno. Katika *mnunuzi* kuna nguzo kumi na moja kabla hujafika kwenye z.

Dawa zilizofaa:

Mhimili ushushwe hadi 9 au chini kwa maandishi ya pointi 10, si 11 ambayo fonti huanza nayo. Nyuzi zikinenepa, miungano ya n na u inaonekana na uzio unafunguka.

Nafasi ya herufi iongezwe kidogo, sehemu 5 hadi 10 kwa 1000. Ukizidisha 20, maneno marefu kama *wanaotutembelea* yanaanza kukatika vipande.

Nafasi ya mistari iwe kubwa: pointi 10 juu ya 14 (herufi za pointi 10, kutoka mstari hadi mstari pointi 14), si 12. Serifu nyembamba haziongozi jicho kwa ulalo, na nguzo zinalivuta juu na chini, kwa hiyo msomaji huruka mstari.

Kisha kuna ng'. Kwanza, alama iwe ya mkia uliopinda (’), si ule msumari ulionyooka wa kibodi. Katika Bodoni alama hii ni tone lenye mkia mwembamba, na g ina sikio lenye tone jingine pale pale juu kulia. Katika *ng’ombe* na *ng’ambo* matone hayo mawili yanakaribia kugongana, halafu baada ya alama linabaki shimo kabla ya o. Tumesogeza alama mbali na g kwa sehemu 15, na o tumeivuta nyuma kwa 30. Imewekwa mara moja kama sheria ya mitindo katika faili, isiwe kazi ya kurekebisha neno kwa neno.

Herufi za f na i zilizounganishwa ziachwe ziwake zenyewe. *Safi*, *fika* na *fimbo* zinapendeza nazo. Bila hivyo tone la f linakaa juu ya nukta ya i kama embe mbili kwenye kikonyo kimoja.

Siku ya 6

Kukata maneno mwishoni mwa mstari. Programu ilikuwa inatumia kanuni za Kiingereza na kutoa *waon-doka*. Silabi ya Kiswahili huishia kwenye irabu: *wao-ndoka*. Nd, mb, ng’, ch, sh, ny na wenzao hazitenganishwi. Tumezima ukataji wa moja kwa moja, tumeacha ukingo wa kulia usinyooke, na pale mstari unapobaki mfupi mno tunakata kwa mkono. Kulazimisha kingo zote mbili zinyooke kwa maneno yetu marefu kwenye safu ya A5 kunaacha mito myeupe katikati ya ukurasa, na weusi wa Bodoni unaizidisha.

Tarakimu: sentensi ya kibao cha stesheni inasema reli ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi 1911. Tarakimu za upana sawa, zilizotengenezwa kwa ajili ya majedwali, zinaipa 1 nafasi ileile ya 8, na 1911 ikaonekana kama watu wanne waliogombana. Tumia tarakimu za upana wa asili. Kosa dogo, lakini vibao vya historia ni miaka mitupu, nalo litaonekana kila mahali.

Siku ya 9

Kosa lililotufundisha zaidi ya mengine yote.

Vibao vilisanifiwa kwa kipimo cha 1:10. Kichwa cha habari kina herufi kubwa zenye kimo cha 60 mm. Mwili wake ni kama 86 mm, yaani takribani pointi 243. Kwenye faili la 1:10 ni pointi 24. Programu, kwa kuwa mhimili wa ukubwa ulikuwa wa kujiendesha, iliweka 24. Faili lilipokuzwa mara kumi, kichwa kikatoka na nyuzi nene kuliko tulivyotaka. Wa kwanza kuliona alitaka turudie kwa 96, maana "herufi kubwa zinastahili nyuzi nyembamba".

Tulichapa zote mbili kwenye karatasi, tukazibandika ukutani nje saa sita mchana na kusimama mita 3. Ile ya 96 ilikuwa maridadi ukiwa karibu; kwa mbali nguzo zilibaki na nyuzi zikageuka kijivu, H ikawa I mbili. Ile ya 24, iliyotokana na kosa, ilisomeka safi.

Sababu yake ni hii. Mhimili huo haukutengenezwa kwa ajili ya milimita za kibao, umetengenezwa kwa ajili ya jicho. Herufi ya 60 mm ukiiona kutoka mita 3, jicho linaipata sawa na herufi ya 8 mm iliyoshikwa mkononi kwa sentimita 40. Kimo cha 8 mm ni kama pointi 32. Kwa hiyo thamani sahihi ilikuwa kwenye 30, si 96. Kosa la programu lilikuwa karibu na ukweli kuliko rai yetu.

Kanuni tunayotumia kuanzia leo: chukua ukubwa wa herufi kwa pointi, zidisha kwa 40, gawanya kwa umbali wa msomaji kwa sentimita. Jibu ndilo unaloweka kwenye mhimili. Maelezo ya kibao yana pointi 30 na yanasomwa kutoka mita 1: 30 × 40 ÷ 100 = 12. Tumeweka 11 kwa ajili ya jua. Kujiendesha kumezimwa kwenye faili zote, thamani zimeandikwa kwa mkono, na herufi zinageuzwa kuwa michoro kabla ya kukuza faili.

Hesabu ya pili, ya kujihami: jicho zima hutenganisha takribani dakika moja ya pembe (sehemu ya 60 ya digrii), ambayo kwa mita 3 ni 0.9 mm. Uzi ulio chini ya hapo usitegemewe kubeba maana.

Siku ya 10

Stika za kukatwa kwa mashine: tumejaribu. Uzi wa chini ya milimita 1 unanyanyuka pamoja na taka unapobandua, na serifu za Bodoni, kwa kuwa hazina kona ya kuzishika, ndizo zinazong’oka kwanza. Maelezo ya pointi 30 yana uzi wa 0.2 mm, hilo halikatiki, tusipoteze muda. Vichwa vingewezekana, lakini ncha zitaanza kujikunja kwa joto baada ya miezi michache. Vibao vyote vitachapwa moja kwa moja na kufunikwa kwa filamu isiyong’aa. Filamu ya kung’aa inarudisha jua machoni, na mwako huo ukipita juu ya uzi mwembamba, uzi haupo.

Pendekezo la kuchonga kwenye mbao limekataliwa kwa fonti hii. Fundi wa milango aliyeulizwa alitazama serifu ya chini ya T, akapitisha kidole kwenye mshipa wa mbao: "Hii ikikatiza mshipa itaruka kabla patasi haijatoka." Ni kweli. Kama mbao ni lazima, tafuta herufi yenye serifu za pembetatu.

Siku ya 13

Kijitabu. Bajeti haitoshi ofseti, kwa hiyo kitachapwa kwa mashine ya riso kama zile zinazochapa mitihani ya shule, karatasi ya gramu 80. Nukta 600 kwa inchi, karatasi inayofyonza, wino unaochelewa kukauka. Hapa Bodoni iko ugenini.

Maamuzi: maandishi pointi 10.5 juu ya 14.5, mhimili 6, uzito (unene wa herufi) 500 badala ya 400. Maelezo ya picha hayatumii Bodoni kabisa; yanatumia herufi zisizo na serifu za pointi 8. Kuna aliyelalamika kwamba tumevunja sharti la ukoo mmoja. Na tuvunje, maelezo ya picha yasiyosomeka ni mapambo. Italiki (herufi za kulala) ni kwa majina ya magazeti na vyombo vya baharini tu, mfano *Kiongozi*, gazeti lililotolewa hapa Tanga enzi za Wajerumani. Aya nzima ya italiki ya Bodoni kwa riso ni ukungu.

Maandishi meupe juu ya weusi yameondolewa kurasa zote isipokuwa jalada. Wino husambaa kuelekea kwenye weupe, na kinachofunikwa kwanza ni uzi. Jaladani kichwa ni pointi 64 na tumeweka mhimili 28, uzito 600.

Jaribio la mwisho ni la steshenari: toa kopi ya ukurasa, kisha kopi ya kopi hiyo. Kijitabu hiki kitarudufiwa na walimu na wanafunzi, tupende tusipende. Kwa mhimili 11, kopi ya pili ilipoteza miungano ya n: *minara* ikawa vijiti. Kwa mhimili 6 na uzito 500 ilisomeka hadi kopi ya tatu. Hicho ndicho kipimo tulichokipitisha.

Siku ya 17

Mifuko. Maneno: WAJA LEO WAONDOKA LEO, na chini yake jina la mji. Kuchapa kwa skrini, rangi moja, wavu wa nyuzi 43 kwa sentimita. (Hizi ni nyuzi za wavu, si za herufi.) Katika wavu huo kila uzi na tundu lake huchukua 0.23 mm, na mstari unahitaji kupumzika juu ya angalau nyuzi mbili za wavu, la sivyo unatoka na meno. Kiwango cha chini basi ni 0.5 mm. Herufi za kimo cha 30 mm zina uzi wa karibu 0.86 mm: zinapita. Jina la mji kwa kimo cha 8 mm lina uzi wa 0.23 mm: halipiti. Limekuzwa hadi 18 mm.

Skrini ya kwanza imeharibika. Dawa inayoganda kwa mwanga ilipakwa jioni ya mvua na kupigwa mwanga asubuhi kabla haijakauka ndani. Kwa kugusa ilionekana kavu, lakini unyevu wa pwani ulikuwa umeishika kwa chini. Ilipooshwa, vipande vilitoka karibu na nyuzi zote za A na W. Skrini ya pili ilikaushwa ikiwa imelazwa, upande wa kuchapia ukiangalia chini, feni ikiwaka, ndani ya chumba cha giza, usiku mzima na nusu siku. Muda wa mwanga umepunguzwa baada ya jaribio la hatua tano: mwanga ukizidi unapenya pembeni mwa filamu na kuziba mistari myembamba, na Bodoni ndiyo ya kwanza kuumia.

Nafasi za herufi kubwa zimepangwa kwa macho. WA inaacha shimo, kwa hiyo A imevutwa chini ya bawa la W. L na E zimeachanishwa ili zifanane na uwazi wa O. Anayetaka kuona kwa nini khanga huandikwa jina lake kwa herufi nene zisizo na mambo mengi, achape Bodoni kwenye pamba mara moja tu.

Siku ya 20

Picha za simu. Kwenye skrini uzi wa sehemu 20 kwa 1000 unahitaji herufi za pikseli 50 ili ufikie pikseli moja kamili. Chini ya hapo simu inauchora kwa kijivu. Picha yetu ina upana wa pikseli 1080: kichwa pikseli 120, na maelezo yote, saa na mahali pa kukutania, kwa herufi zisizo na serifu. WhatsApp huminya picha, na kuminya huko huacha vumbi kandokando ya mistari myembamba. Faili la PNG litumwe kama waraka kwa viongozi wa vikundi. Ya kusambazwa hovyo itumie uzito 700.

Siku ya 24

Vibao 11 kati ya 12 vimesimamishwa, kwenye nguzo zake na si ukutani: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hazitobolewi. Skrubu ni za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316. Za kawaida, hata zilizopakwa zinki, hutiririsha kutu juu ya maandishi kwa chumvi ya bahari. Maandishi yote ni meusi ya wino mmoja, hayakuchanganywa rangi nne. Zikiteleza kwa 0.1 mm tu, pembeni mwa uzi mnaona kivuli cha waridi. Isitoshe, nyekundu na njano ndizo zinazopauka mapema juani, na weusi wa mchanganyiko ungebaki samawati.

Kibao cha 7 kimerudishwa kwa mchapaji. Faili lilifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti, na programu ikabadilisha maelezo kuwa herufi nyingine bila kuonya. Kichwa kilisalimika kwa sababu kilikuwa tayari kimegeuzwa mchoro, maelezo hayakuwa. Faili jipya la PDF limetumwa likiwa na fonti ndani yake, pamoja na picha ya kulinganisha. Likirudi, lipimwe ng’ kwanza: kama alama imenyooka kama msumari, bado ni herufi isiyo yetu.